Peni za Tableti: Maswali Yanayoulizwa Kila Siku Kuhusu Kuandika na Kuchora kwenye Kioo

Haya maswali nayapata karibu kila wiki, kwa wanafunzi wangu wa kuchora, kwa walimu wa tuisheni wanaotaka kufanya hesabu kwenye kioo wanafunzi waone, kwa mashangazi wanaotaka kumnunulia mtoto zawadi ya kufaulu. Nimechoka kujibu usiku kwa voisi za dakika nne nne, kwahiyo nimeyaweka hapa yote. Mi natumia Samsung Galaxy Tab S6 Lite, mwaka wa nne sasa, na iPad ya mke wangu siku anayonikubalia, ukiona nimeongea sana kuhusu hizo mbili ujue ndo ninazozijua kwa mkono.

## KABLA HUJATOA HELA

Peni gani nzuri ya tableti?

Swali umelianzia mkiani. Niambie kwanza una tableti gani. Watu wengi wanadhani peni ndo inaandika, kumbe anayefanya kazi ni kioo, peni ni mgeni tu pale. Nyuma ya kioo lazima kuwe na kitu cha kuisoma peni, na kama kiwandani hawakukiweka hamna peni utakayonunua ikakileta. Kwahiyo ingia Setingi, nenda "Kuhusu tableti", soma jina kamili la modeli, andika pembeni, afu ndo uende dukani. Ukienda na jina la kampuni peke yake utauziwa chochote.

Mbona zote zinaandika tu, tofauti yake nini?

Ile ya raba mbele, au yenye kisahani cha plastiki angavu, ni kidole cha bandia. Kioo chochote cha simu kinahisi umeme mdogo wa mwili wako, peni ile inaupitisha tu, ndo maana inafanya kazi kwenye kila kitu mpaka simu ya bibi. Lakini haijui umekandamiza kwa nguvu au taratibu, na kioo hakiwezi kuitofautisha na kiganja chako. Kwa kusaini fomu inatosha. Kwa notisi za lekcha ya saa mbili utaitupa dirishani.

Halafu zipo peni zenye betri zinazoongea na kioo: Apple Pencil, M-Pencil ya Huawei, Surface Pen ya Microsoft na nyinginezo. Kila moja ina lugha yake. Apple Pencil kwenye Samsung ni kijiti cheupe tu cha bei mbaya.

Na zipo zinazotumia teknolojia ya Wacom, Wajapani hawa, inaitwa EMR. S Pen ya Samsung ni ya ukoo huu. Ubao mwembamba ulio nyuma ya kioo unatoa mawimbi ya sumaku, ndani ya peni kuna koili inayapata, inajipatia umeme humohumo na kujibu "nipo hapa, nimekandamizwa hivi". Haina betri ya kuandikia. Hakuna kuchaji. Kwa mji ambao umeme ukikatika haukuagi, mi hii naipenda kuliko zote na sifichi upendeleo wangu.

Tableti yangu ni Samsung, si basi S Pen itafanya kazi?

Hapana, na hapa ndo watu wanalizwa sana. Galaxy Tab A8, A9 na A9+ hazina ule ubao. Tab S6 Lite, S7, S8, S9 zinao, na peni inakuja ndani ya boksi lake, kwahiyo ukiuziwa S6 Lite "mpya" bila peni jiulize maswali.

Kipimo cha dukani ni hiki: washa tableti, shika S Pen juu ya kioo bila kugusa, kama sentimita moja hivi, tembeza mkono. Ukiona kidoti kinakufuata chini ya ncha, ubao upo na uko hai. Usipoona kitu rudisha hela mfukoni, hata kama muuzaji anasema "mpaka uapdeti bosi".

Na iPad je, Apple Pencil ipi inaingia wapi?

Apple wamelivuruga hili kweli kweli. Pencil ya kwanza ya 2015, ile ya mviringo yenye kifuniko kinachopotea kama sindano, inaingia iPad za kawaida za zamani mpaka iPad ya 9 ya 2021, ambayo haikubali nyingine ya Apple zaidi ya hiyo. iPad ya 10 ya 2022 nayo inaikubali ila lazima uwe na adapta ya USB-C. Pencil ya pili ya 2018, ya kunasa kwa sumaku ubavuni, ni ya iPad Pro za kuanzia 2018 mpaka 2022, Air ya 4 na ya 5, na mini ya 6. Pencil Pro ya 2024 ni ya iPad Pro M4, Air M2 na zilizofuata, na mini ya A17 Pro. Mtu akikuuzia Pencil ya pili na iPad Pro M4 kwa pamoja kama "seti", hizo haziongei.

Iliyobaki ni Pencil ya USB-C ya 2023. Bei yake nafuu na inaingia iPad nyingi za soketi ya USB-C, lakini haina presha, yaani ukikandamiza mstari hauwi mnene. Kwa kuandika safi kabisa. Kwa kuchora soma kwanza swali la presha huko chini.

Kuna peni dukani wameandika "universal", inaingia tableti zote. Kweli?

Nilishanunua. Kariakoo, duka silitaji, jamaa akaniandikia jina langu vizuri kabisa kwenye tableti yake ya maonesho, nikafurahi kama mtoto. Nyumbani kwenye S6 Lite ikaandika kweli, lakini kila nikilaza mkono mstari unaruka kuufuata mkono, na presha hamna. Ilikuwa ni kidole cha bandia chenye betri ndani, basi. Hakunidanganya, kweli "inaingia" zote. Mi ndo sikuuliza inafanya nini ikishaingia.

Kwenye iPad za 2018 kuja huku zipo peni za kampuni nyingine za bei ya chini zinazokataa kiganja vizuri, yaani ukilaza mkono kioo hakichafuki, na wanafunzi wengi wanazitumia bila shida. Nyingi hazina presha. Uliza hayo mawili tu, kiganja na presha, na ujaribu kwenye tableti YAKO, usijaribu kwenye ya muuzaji.

Peni ya mtu mwingine ya Samsung naweza kuiazima?

Ndio, raha ya EMR ni hiyo. S Pen ya simu ya Galaxy Note ya zamani inaandika kwenye Tab S6 Lite, na hata kampuni ya penseli ya Ujerumani, Staedtler, wana Noris digital inayofanana na penseli ya shule na inaandika kwenye Samsung zenye ubao. Ila kwenye simu za kukunja za Samsung, zile Fold, usijaribu, Fold3 mpaka Fold6 zina peni yake maalumu, na Samsung wenyewe wanaonya kwamba ile ya kawaida inaweza kuharibu kioo chake laini.

## KUANDIKA

Nikilaza mkono kioo kinachafuka michirizi. Nifanyeje?

Kama peni yako ni ya kidole cha bandia, huna la kufanya zaidi ya kuinua mkono kama mpiga kinanda. Kama ni peni ya kweli, ingia setingi za apu yenyewe utafute sehemu inayosema peni tu ndo iandike, vidole visogeze ukurasa. Kwa kawaida huwa imezimwa, na watu wanateseka mwaka mzima bila kujua.

Sisi wa pwani kuna la ziada, jasho. Mwezi wa kwanza mchana kiganja kikilowa kioo kinachanganyikiwa na peni inakwama kwama. Dawa ni ile glavu ya vidole viwili ya wachoraji, inafunika kidole kidogo na cha pete tu. Huna, kata soksi kuukuu. Nimechora miezi sita na soksi na hakuna aliyekufa.

Mwandiko wangu kwenye kioo umekuwa wa darasa la pili, kwanini?

Kwasababu kioo kinateleza. Karatasi inakukamata ncha kidogo na mkono wako umeizoea hiyo breki toka chekechea. Watu wanakimbilia protekta ya kufanana na karatasi, na inasaidia kweli, lakini inafubaza kioo kidogo na inakula ncha (tazama "Ncha inaisha?"). Kabla ya kununua jaribu hivi: kuza ukurasa mpaka mistari iwe mipana, andika kwa herufi kubwa kuliko ulivyozoea, ukimaliza rudisha ukubwa wa kawaida. Mwandiko utakaouona utashangaa ni wako. Na ujipe wiki mbili, usihukumu siku ya kwanza.

Apu gani ya notisi?

Samsung Notes kama una Samsung, Notes ya Apple kama una iPad, OneNote kama unahama hama kati ya kompyuta na tableti. Zote hizo bure. GoodNotes na Notability ni nzuri lakini anza na ya bure, ukiona unaikasirikia kwa sababu unayoweza kuitaja ndo ulipie. Kubwa ni kwamba apu iweze kufungua PDF na kuandika juu yake, maana lekchara akituma slaidi unaziandika hapohapo pembeni, na mwisho iweze kutoa PDF ukaitupa kwenye Drive. Fanya bakapu. Notisi za muhula mzima zilizo kwenye tableti moja bila nakala ni sawa na kuziweka kwenye daladala.

Inaweza kugeuza mwandiko wa mkono kuwa chapa kwa Kiswahili?

Inaweza, kwasababu Kiswahili tunaandika kwa herufi hizihizi bila alama za juu, kwahiyo kusoma herufi siyo tatizo. Tatizo ni ile apu kujifanya inajua zaidi. Kama lugha yake ni Kiingereza utaandika "sana" ikuwekee "Santa", "kama" ikuwekee "karma", na "ng'ombe" usiseme, ile apostrofi inaigeuza kuwa chochote. Mi nilituma notisi za mkutano wa ukoo zikisema "wazee wamekubaliana Santa", mpaka leo naitwa hivyo.

Kwenye Android weka Gboard, ongeza Kiswahili, na kwenye mipangilio ya kibodi chagua ile ya kuandika kwa mkono. Kwenye iPad zima usahihishaji wa moja kwa moja kabla hujaanza. Kwa majina ya watu na ya mitaa, pitia kwa macho yako.

Naandika kwa mkono wa kushoto / naandika khati za Kiarabu, kuna shida?

Ni jirani hawa wawili kwasababu kila mmoja mkono unapita njia tofauti na ile waliyoiwaza waliotengeneza apu. Wa kushoto atafute setingi ya mkono, apu nyingi zinayo, zile vitufe zinahamia upande wa pili usiwe unavibonyeza kwa kiwiko. Wa khati, na najua wapo wanaoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka leo, chagua brashi ya kaligrafia ambayo unaweza kuigeuza pembe ya ncha, kwasababu uzuri wa khati uko kwenye kalamu iliyokatwa kwa mshazari. Kwenye apu za kuchora kama ibisPaint na Procreate pembe hiyo unaiweka mwenyewe. Mstari unapanda na kushuka kwa unene bila hata kukandamiza, kwahiyo hapa hata peni isiyo na presha inaweza kukutoa.

Nafundisha hesabu, wanafunzi wako mbali. Niandike vipi waone?

Rekodi skrini huku unaandika na unaongea, Samsung na iPad zote zina kinasa hicho ndani hamna haja ya apu. Andika kwenye ukurasa mweupe, wino mweusi, peni nene kuliko unavyodhani, maana mwanafunzi anaangalia kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Somo fupi fupi la dakika tano tano, bando ni hela.

## KUCHORA

Presha ni lazima?

Inategemea unachora nini. Katuni zenye mstari sawa, nembo, ramani ya nyumba, hapana. Sura ya mtu, kivuli, nywele, maua ya piko, hapo ndio, kwasababu uhai wa mstari ni ule mwanzo mwembamba, tumbo, na mkia unaofifia. S Pen ina ngazi 4,096 za presha. Usihangaike sana na namba hiyo, mkono wa binadamu hauwezi kuzitofautisha zote. Tofauti utakayoihisi ni kati ya kuwa nayo na kutokuwa nayo.

Apu ya kuchora ya bure ipo?

Ipo. Kwenye Android anza na ibisPaint au Sketchbook. Krita ni bure kabisa na ina nguvu, lakini kwenye tableti vitufe vyake ni vidogo, iliandikwa kwa ajili ya kompyuta na inaonekana. Procreate ni ya iPad peke yake, unalipa mara moja tu na imekuwa yako, na kwa bei yake sijaona mpinzani. Clip Studio Paint kwa watu wa komiki, ila kwenye tableti unalipia kila mwezi au mwaka.

Mistari yangu inatetemeka. Mkono au peni?

Pima. Weka rula ya plastiki kwenye kioo, chora mshazari taratibu sana. Ukiwa bado unapata mawimbi wakati rula imekuongoza, siyo mkono wako. Peni za bei ya chini zinafanya hivi kwenye mistari ya mshazari na hazitibiki.

Kabla ya kuilaumu, chomoa chaja. Chaja feki inamwaga kelele za umeme kwenye kioo na mstari unakuwa kama wa mashine ya moyo. Nilimfokea mwanafunzi wangu wiki nzima "legeza mkono" kumbe anachorea akiwa amechomeka kichaja cha barabarani, alipochomoa tu mstari ukanyooka, nikamwomba radhi.

Kama ni mkono kweli, panua ile setingi ya kutuliza mstari, Procreate wanaiita StreamLine. Iweke kati, ukiipandisha mpaka mwisho mchoro unakuwa laini mno, hauna mtu ndani. Na chora kwa bega, siyo kwa vidole.

Turubai niweke ukubwa gani?

Kama itachapwa, A4 kwa 300 DPI (nukta kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, na anza hivyo toka mwanzo kwasababu ukichora kidogo afu ukakuza baadaye inavunjika vunjika. Kama ni ya kuposti tu, upande mrefu pikseli 2000 inatosha.

Nataka kuchora khanga nzima kwenye tableti, inakubali?

Swali langu nilipendalo, maana nilishalipigia mwereka. Khanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Kwa 150 DPI hiyo ni karibu pikseli 8858 kwa 6496, na leya moja tu iliyojaa, yaani tabaka moja la mchoro, inakula kama megabaiti 230 za memori. Tableti yangu ina GB 4 na nusu yake imeshachukuliwa na Android. Leya ya tano ikajifunga yenyewe, na pindo ambalo nilikuwa nalichora toka asubuhi likaenda nalo.

Usiichore nzima. Khanga inajirudia, ndo siri yake. Pindo chora kipande kimoja kinachojirudia na kona moja. Mji, yaani sehemu ya kati ya khanga, kama una ulinganifu, chora robo tu, washa rula ya ulinganifu na robo nyingine zitajichora zenyewe mbele ya macho yako, unavuta jani moja la mkorosho yanatokea manne. Jina, yaani yale maneno ya khanga, liache kabisa, usiliandike kwenye tableti kama picha, mpe mtu wa kompyuta aliweke kama herufi, kwasababu mteja atabadilisha maneno. Mteja wa khanga LAZIMA abadilishe maneno. Vipande vyote unavituma PNG na vinaunganishwa kwenye kompyuta.

## MATUNZO NA MAJANGA

Ncha inaisha? Itanikwaruza kioo?

Inaisha, ni plastiki. Kwenye kioo kitupu inadumu sana, kwenye protekta ya karatasi inaweza kuisha ndani ya miezi kama unachora kila siku. Ya S Pen unaivuta kwa kibanio, ya Apple Pencil unaizungusha kinyume na saa inatoka. Badilisha ikishakuwa bapa upande mmoja, na kwenye Apple Pencil usisubiri uone chuma cha ndani. Ncha yenyewe haikwaruzi, kinachokwaruza ni mchanga. Futa kioo kabla ya kuanza, hasa kama tableti inakaa mkoba mmoja na funguo.

Apple Pencil ilikaa kabatini miezi, sasa haiwaki.

Betri ikilala tupu muda mrefu inakufa, na ndani ya peni haibadilishiki kirahisi. Ijaribu kwenye chaji nusu saa, ikigoma ndo basi. Hata kama huitumii ichaji mara moja kwa mwezi, ya kwanza haina uvivu, Apple wanasema sekunde 15 za chaji zinakupa nusu saa ya kuandika.

Kuna sehemu moja ya kioo peni haiandiki au mstari unakaa pembeni ya ncha.

Kwenye Samsung, vua kava. Kava nyingi zina sumaku za kujifunga na EMR ni mambo ya sumaku, ukiikunja kava nyuma ya tableti sumaku inakaa sawasawa na pale unapoandika. Protekta ya kioo nene nayo inasogeza mstari mbali na ncha, hasa ukiangalia kwa upande.

Nilibadilisha kioo kwa fundi. Mguso unafanya kazi vizuri, lakini peni imekufa. Peni imeharibika?

Peni nzima. Fanya kile kipimo cha kidoti (tazama swali la Samsung juu). Kama kidoti hakiji hata kwa peni ya kuazima, basi ule ubao wa nyuma haukurudishwa au waya wake mwembamba haukuchomekwa. Mguso wa kidole na usomaji wa peni ni vitu viwili tofauti, fundi akijaribu kwa kidole akaona inateleza anakukabidhi kwa roho safi. Rudi naye uulize kioo cha zamani kiko wapi, kama hajakiuza ubao mara nyingi bado umegandia nyuma yake. Mimi wangu tuliukuta kwenye ndoo, chini ya vioo vya simu, una alama ya kiatu, na ukachomekwa na unaandika mpaka leo isipokuwa kona ya kulia chini, ambako nimezoea kutosaini.